Vinara wa Majani ya Fedha

Kwa kung'aa, hakuna unaoushinda mti wa fedha wa Cape Town. Kwao ni eneo dogo tu, miteremko ya Mlima wa Meza na vilima vya jirani, na leo umo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Jani lake limefunikwa vinyweleo laini kama hariri. Hewa ikikauka, vinyweleo hulala na kulizuia jani lisipoteze maji. Unyevu ukizidi, husimama ili hewa ipite. Ndio pia mti unaodeka kuliko wote: mbolea yenye fosforasi nyingi huuangamiza, na maji yakituama mizizi huoza. Upandwe penye mwinuko, mchanga na upepo, na shina lake lisipalizwe kwa jembe.

Kwa urefu, kinara ni mkaratusi buluu, ule ambao Addis Ababa iliupanda kwa wingi tangu enzi za Menelik wa Pili kwa ajili ya kuni. Kwao Australia huweza kupita meta 70. Nyumbani hatuutaki mrefu kiasi hicho, na dawa yake ni panga: ukatwe usawa wa goti kila mwaka kabla ya mvua, uchipue upya. Machipukizi ndiyo yenye uzuri. Majani yake ni mapana, yametazamana mawili mawili, yamekumbatia kijiti bila kikonyo. Lisugue moja kwa kidole gumba: unga wa nta unatoka, na chini yake kuna kijani cha kawaida kabisa. Mti ukiachwa ukue, majani hurefuka, hupinda mithili ya mundu, na buluu yote hupotea. Vipandikizi vyake hushika kwa shida mno, kwa hiyo tumia mbegu; ni ndogo sana, zinyunyize juu ya mchanga laini na uzifunike kidogo tu. Uwe mbali na kisima, maana unakunywa maji kwelikweli. Hata hivyo, taji la bustani ya nyumbani naupa huu.

Kwa ukubwa wa jani, ni mchikichi wa Bismarck kutoka Madagaska: jani moja hukaribia upana wa meta 3. Kwa kupanda juu, ni helikrisamu za Kilimanjaro, mimea inayoonekana hata juu ya meta 5,000. Hizo ni za kutazamwa huko huko mlimani.

Jamaa yao wa Afrika Kusini, helikrisamu ya majani ya duara, ndiyo rahisi kuliko zote kuzalisha. Tawi likigusa udongo hutoa mizizi lenyewe. Ukipenda kipandikizi, kata ncha ya urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Usiifunike kwa nailoni: vinyweleo hushika maji na kijiti huoza kabla hakijapata mizizi. Ikishashika, ipeleke juani mapema, kwani kivulini majani hugeuka kijani.