Vumbi la Kolwezi na ute mweupe wa macho: unatoka wapi?

Kama unaishi Kapata ao Luilu, ama unafuata motokari kubwa za madini ku barabara ya Likasi, hii unaijua. Mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na jioni unakuta kamba nyembamba nyeupe ku kona ya jicho. Wengi wanasema ni uchafu. Hapana, ni ulinzi.

Jicho limefunikwa na utando wa machozi: mafuta kwa inje, kisha maji na ute kwa ndani. Ute ndio unashikisha maji. Bila ule, yanateleza tu sawa mvua juu ya jani la ndizi. Unatengenezwa na chembe ndogo zenye umbo la kikombe, katika ngozi laini inayofunika weupe wa jicho.

Sasa nani anaziambia zimwage ute? Hapa ndipo kuna ajabu. ATP ni nyukleotidi ambayo kila chembe ya mwili inaitumia kama vile sisi tunatumia makala jikoni, kwa kupata nguvu. Kazi yake ya kawaida ni ya ndani. Lakini chembe za jicho zikikwanguliwa, zinaachilia kidogo inje. Jirani zake zina kipokezi kinachoitwa P2Y2. ATP ikikigusa, kalisi inapanda ndani ya chembe, na kikombe kinamwaga ute. Kipokezi kile kile kinavuta na maji, hata kama tezi ya machozi haifanyi kazi.

Wajapani walifuata njia hiyo. Mwaka 2010 waliruhusu matone ya dikuafosoli ya 3%, ndugu wa nyukleotidi UTP, kwa wagonjwa wa macho makavu, mara 6 kwa siku. Huko Marekani dawa hiyo haikupita.

Kwa hiyo ule ute usiuvute na kidole. Kidole kinakwangua, jicho linatoa mwingine, unavuta tena, haiishi. Osha na maji yaliyochemshwa yakapoa. Na matone yaliyobaki kwa jirani uyaache: mengine yana kortizoni, inayoweza kupandisha presha ndani ya jicho. Lakini ukiona usaha wa manjano, maumivu, ao kipande cha jiwe kimenasa, ute hauwezi kitu hapo. Enda lopitali siku ile ile.