Zulia la Mlangoni na Heshima ya Mgeni

Kibenga ni mtaa ulio kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, ambako kuanzia Oktoba hata Mei mvua huzigeuza njia zisizo na lami kuwa tope, na ambako mwaka 2024, ziwa lilipofurika, maji yaliingia hadi katika nyumba za watu. Mahali kama hapo mgeni apigaye hodi aghalabu hushughulishwa na miguu yake kuliko na haja iliyomleta, na asipoona pa kuipangusia husimama kizingitini akiitazama sakafu ya vigae, asijue aingie ama aombe radhi arudi.

Kwa hiyo zulia dogo la mlangoni, ijapokuwa thamani yake ni haba, lina kazi mbili: kuihifadhi nyumba na uchafu, na, iliyo bora zaidi, kumwondolea mgeni haya kabla hajalazimika kuitamka. Wazee wa mwambao wa Bahari ya Hindi waliitambua hekima hii zamani, kwani katika baadhi ya misikiti yao ya kale, kando ya birika la kutawadhia, yaliwekwa mawe ya matumbawe yenye kukwaruza, ili kila aingiaye, tajiri kwa maskini, asugue nyayo zake pasipo kuamrishwa na mtu.

Ama kwa tope, zulia lifaalo ni la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ambayo wanawake wa mashariki ya Unguja huyafukia pwani miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha huyaponda na kuzisokota nyuzi zake kuwa kamba. Usumba ni mgumu, hukwangua tope vizuri, basi mahali pake ni nje ya mlango. Na ndani ya kizingiti huwekwa kitambaa kizito chenye kufyonza maji. Asiye na uwezo, gunia lililokunjwa litamtosha, maadamu analifua na kulianika, kwa sababu zulia lililolowa tope humchafua hata aliyekuja safi.

Walakini zulia halishiki nafasi ya mwenyeji. Basi, ewe msomaji, kabla mvua hazijaanza, utengeneze mlango wako. Na mgeni atakapobisha, inuka ukampokee mwenyewe kwa bashasha, umtazame usoni, wala usimtazame miguu.