Kura Huanzia Mtaani

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, hakukaa ofisini akingoja wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na TANU. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na hao wakawaleta wenzao. Jirani huaminiwa kabla ya jukwaa.

Tukumbuke pia kwamba katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wengi wa wanawake hao hawakuweza kupiga kura, kwa masharti ya elimu na kipato. Waliihangaikia haki wasiyokuwa nayo. Leo raia aliyetimiza miaka 18 anayo. Je, jina lake limo daftarini?

Swali hilo haliwezi kujibiwa na gazeti hili. Laweza kujibiwa na ushirika, chama cha wafanyakazi, na kikundi cha kuweka akiba, ambao hukutana mara kwa mara na kujua nani kahama na nani hajajiandikisha.

Lakini twaonya, ndugu wanachama: kikundi si punda wa kubebea kura za mtu, wala khanga ya bure si elimu. Wanaofundishana kupiga kura watauliza pia kwa nini kisima kimekauka na zahanati haina dawa. Tusiwanunie. Tawi linaloogopa maswali hayo halistahili kura zao.

Basi matawi yaviachie vikundi uhuru wao, na yavisikilize. Kidole kimoja hakivunji chawa.