Mvutano Pungufu Si Mafuta

Fundi mmoja wa mawe hapa Kamenu aliniuliza juma lililopita iwapo chini ya miamba hii ya volkano mna mafuta, kwa kuwa amesikia kwamba wataalamu huyatafuta kwa kupima "mvutano". Nilimwelewa vibaya mwanzoni. Magazetini mvutano ni ugomvi wa wanasiasa. Yeye alikusudia ile nguvu ya dunia inayoangusha kila kitu chini.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Lava iliyoganda huyatawanya mawimbi ya mtetemo yanayotumwa ardhini na wachunguzi, hata yale yanayorudi yakawa hayasomeki vyema. Mvutano hauzuiliwi na jiwe lolote. Mchanga na matope yaliyojaza bonde la kale, hata yakawa mwamba, aghalabu ni mepesi kuliko mwamba mgumu wa kale ulio kando yake. Basi juu ya bonde hilo dunia huvuta kwa nguvu pungufu kidogo mno, pengine sehemu chache tu katika kila laki moja. Vipo vyombo vya kulitambua pengo hilo, na siku hizi hubebwa hata kwa ndege. Vilipita juu ya Turkana kabla ya kisima cha Ngamia-1 kupata mafuta mwaka 2012.

Lakini chombo husema "hapa pana wepesi". Neno "mafuta" hakilijui. Mwingereza Edward Bullard alipopima Afrika Mashariki kwa pendulamu mnamo 1933 na 1934, Bonde la Ufa lilidhihirisha upungufu mkubwa. Leo yafahamika kuwa sehemu kubwa ya upungufu huo yatokana na miamba yenye joto iliyo chini kabisa ya gamba la dunia. Hata bonde la kweli huhitaji kutobolewa: Loperot-1, kisima kilichochimbwa na Shell huko huko Turkana mwaka 1992, kilionyesha dalili tu, na ikapita miaka 20.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, hufuatilia safari ya neno "huenda". Mtaalamu huliandika katika ripoti yake kwa uangalifu. Ripoti ikifika barazani, "huenda" imekwisha kudondoka njiani. Ikimfikia dalali wa ardhi, imekuwa "yapo".

Kumbe dalali ndiye aliyemtuma fundi kwangu pasipo kujua. Amemshawishi anunue kiploti upande wa Ol Donyo Sabuk, eti kabla serikali haijatangaza. Nilimweleza kuwa mlima ule wenyewe ni mwamba wa kale uliojitokeza juu ya ardhi. Bonde la mashapo lililofunikwa na lava silo linalouzwa pale.

Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimwandikie maneno hayo katika karatasi ampelekee mkewe, ambaye tayari ametoa arubuni.