Maikrofoni Isiyo na Waya, na Sababu za Kunyamaza Kwake

Leo twataka kuzungumza habari za chombo kidogo ambacho siku hizi hakikosekani kanisani, arusini wala msibani, nacho ni maikrofoni isiyo na waya. Wengi hukishika, wachache hukifahamu. Na kwa kuwa hakifahamiki, siku kinyamazapo huzusha maneno mengi kuliko yale yaliyokuwa yakisemwa ndani yake.

Jambo hilo tulilishuhudia huku kwetu Qurus, katika wilaya ya Karatu. Ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji, na watu walikuja wengi, maana ilijulikana kuwa hesabu za mchango wa bomba la maji zitasomwa siku hiyo. Bwana Mtendaji alisimama mlangoni pa ofisi na maikrofoni mkononi, akawasalimu watu, akataja mambo yatakayozungumzwa. Sauti ikatoka safi, hata waliokuwa wakipalilia maharage ng'ambo ya barabara waliisikia. Kisha akaenda kuketi mezani chini ya mti, akafungua daftari la mapato na matumizi. Aliposoma shilingi za kwanza spika ikakoroma, ikakatakata maneno, ikanyamaza. Akainuka, akasema halo halo, sauti ikarudi. Akaketi, ikapotea. Mara ya tatu mzee mmoja akasema kwa sauti yake mwenyewe, isiyohitaji betri: "Salamu twazisikia zote. Fedha ndizo hatuzisikii."

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Wengine walisema chombo kimezimwa kwa makusudi, wengine wakasema mambo mabaya zaidi ya hayo, na mkutano ukavunjika kabla ya daftari kufika ukurasa wa pili.

Sisi hatukuwa na sababu ya kumtetea mtu wala ya kumshitaki. Tuliomba tu ruhusa ya kukitazama chombo, maana tuliona ajabu kwamba kilinyamaza kila mara kwa wakati ule ule. Kitu kilichoharibika hakichagui maneno ya kukataa kuyasema. Kikinyamaza kwa utaratibu, basi upo utaratibu wa kuutafuta.

Kwanza yafaa kujua chombo chenyewe ni nini. Maikrofoni ya namna hii ni kituo cha redio, ila ni kidogo mno. Zamani watu waliita mambo haya simu ya upepo, ingawa upepo hauna kazi humo. Sauti huchukuliwa na mawimbi ya redio, ambayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Tangu Nairobi ilipoanza kutangaza mwaka 1928, na Dar es Salaam mwaka 1951, kanuni ni ile ile: sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme hupandishwa juu ya wimbi, wimbi huruka, na chombo cha upande wa pili, ambacho tutakiita kipokezi, hulipokea na kuutoa umeme ule upya ili uende kwenye spika. Tofauti ni nguvu. Maikrofoni ya mkononi aghalabu hurusha mawimbi kwa nguvu ya sehemu 10 hadi 50 tu za wati iliyogawanywa mara elfu. Balbu ndogo ya wati 5 hutumia nguvu mara mia au zaidi ya hiyo. Basi maikrofoni haipigi kelele kama mtoto wa machungani amwitaye mwenzake ng'ambo ya korongo. Yenyewe hunong'ona, na anong'onezwaye yampasa kuwa karibu na kuwa wazi mbele ya mnong'onaji.

Sasa tazameni yaliyotokea siku ile. Kipokezi kilikuwa ndani ya ofisi, kimewekwa nyuma ya kabati la chuma, na dirisha lake lina nondo. Bwana Mtendaji alipokuwa amesimama mlangoni, njia ya mawimbi ilikuwa fupi na nyeupe. Alipokwenda kuketi chini ya mti, kati yake na kipokezi palikuwa na ukuta, nondo, kabati, na watu zaidi ya mia wamesimama. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji huyanywa mawimbi haya. Umati wa watu ni kama kichaka kibichi mbele ya mwanga wa taa. Tena alipokuwa akifunua kurasa kwa mkono mmoja, mkono wa pili uliteremka ukaishika maikrofoni chini kabisa, mahali ambapo katika nyingi za namna hii ndipo ilipo antena, akaikumbatia kifuani. Salamu zilisemwa kwa kusimama, na fedha zilisomwa kwa kuketi, kwa sababu daftari lataka meza. Hapakuwa na siri nyingine.

Au tuseme palikuwa na moja ndogo. Tulipofungua kifuniko cha betri tulikuta betri mbili zisizo ndugu, moja mpya na moja imefifia rangi. Tukainua macho ukutani: saa ya ofisi ilikuwa imesimama. Mtu mwema mmoja, asubuhi ya mkutano, aliona betri moja imekufa akaazima ya saa. Saa ya ukutani hunywa umeme kama ndege anywavyo maji, nayo huweza kuendeshwa miezi mingi na betri ambayo maikrofoni ingeimaliza upesi sana. Betri mpya ndogo ya kawaida ina volti 1.5, ikichoka volti hushuka, na mbovu ikifungwa pamoja na nzima huivuta nzima chini. Wekeni zote mpya kwa pamoja, za aina moja, ziitwazo alkalaini, wala si zile rahisi za kaboni na zinki. Zile za kuchajiwa zina volti 1.2 na hufaa pia, ila taa ya maikrofoni huweza kuonyesha kijani hata karibu na mwisho, kisha ikazimika ghafula. Kwa hiyo zihesabuni kwa saa za kazi, msizihesabu kwa rangi ya taa. Na chombo kikikaa juma zima bila kazi, toeni betri. Zikivuja, huacha ungaunga juu ya vyuma vya mguso, nao umeme haupiti. Walimu tunayo dawa yake mfukoni: kifutio cha penseli, kisuguliwe taratibu mpaka chuma king'ae.

Habari ya kipokezi si ndefu. Kiwekwe juu, usawa wa kichwa cha mtu au zaidi, mahali ambapo msemaji na antena huonana, mbali na vyuma na mbali na spika. Antena zake mbili zitanuliwe kama pembe za ng'ombe. Wengi huuliza ya nini mbili. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita. Katika jengo lenye paa la mabati, wimbi moja hufika moja kwa moja na jingine hufika baada ya kugonga bati; yakikutana kinyume huuana, na msemaji akisogea hatua moja tu sauti hupotea, akisogea nyingine hurudi. Ndipo kipokezi kizuri huwa na masikio mawili, ili sikio moja likipatwa na kimya la pili lisikie. Basi mwenye antena moja iliyovunjika asiseme moja yatosha.

Sasa twaja kwenye jambo gumu kidogo, nalo ni masafa. Fikirini mnada wa Karatu. Wauzaji wawili wakisimama mahali pamoja wakitangaza bei kwa sauti iliyo sawa, mnunuzi hapati neno. Maikrofoni mbili katika safa moja haziwezi kutumika pamoja; na ikiwa makanisa mawili ya jirani yamenunua vyombo vilivyo sawa dukani, mahubiri ya huku yaweza kutokea kule. Dawa ni kubadili safa katika maikrofoni na katika kipokezi chake, vyote viwili, maana kubadili kimoja ni kuwatenga wanaosemezana. Kisha zimeni maikrofoni, mkitazame kipokezi: taa yake ya kupokea ikiwaka hali hapana asemaye, safa hiyo ina mwenyewe; tafuteni nyingine.

Wenye maikrofoni tatu au zaidi wana hesabu ya kufanya, nayo ni ya kiasi cha mwanafunzi wa darasa la tano. Maikrofoni mbili zikiwa karibu huzaa masafa mengine yasiyokuwapo. Chukua 600 na 601: mara mbili ya 601 ukitoa 600 wapata 602, na mara mbili ya 600 ukitoa 601 wapata 599. Basi ukiweka maikrofoni ya tatu katika 602, umeiweka ndani ya kelele za wenzake. Nafasi kati ya masafa zisilingane. Vyombo vingi vina makundi ya masafa yaliyokwisha kupangwa na watengenezaji. Chagueni yote katika kundi moja, nanyi mmepona.

Lakini yako masafa ambayo hayafai hata yakiwa matupu asubuhi. Katika Tanzania televisheni za mtindo wa zamani zilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia. Na sehemu ya masafa yaliyoachwa wazi ikapewa simu za mkononi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyapiga mnada masafa ya megahezi 700. Marekani ilikwisha kukataza maikrofoni katika masafa ya 700 tangu tarehe 12 Juni 2010, na sehemu kubwa ya yale ya 600 tangu tarehe 13 Julai 2020. Sasa jiulizeni, vyombo vile vilivyokatazwa huko vilikwenda wapi? Vingine vilitupwa, na vingine huweza kufika huku vikiwa zawadi za nia njema kabisa, au bidhaa za bei ya kupendeza. Hufanya kazi shambani, na karibu na mnara wa simu hushindwa; na hata visiposhindwa, vimeingia katika shamba la mtu. Geuzeni chombo, msome namba iliyoandikwa nyuma au ndani ya kifuniko cha betri kabla ya kutoa fedha au shukrani. Na palipo na shaka, Mamlaka ndiyo ya kuulizwa.

Simu nayo ina uchokozi wake wa karibu. Mtu avaaye kisanduku cha maikrofoni kiunoni asiweke simu mfuko ule ule. Ule mngurumo wa kukatakata usikikao katika spika kabla simu haijalia watoka humo.

Kuna na ule mlio mkali kama filimbi, ambao huwafanya watu wazibe masikio. Huo si ugonjwa wa mawimbi hata kidogo, na hutokea kwa maikrofoni za waya vile vile. Sauti hutoka katika spika, huingia katika maikrofoni, hutoka tena kwa nguvu zaidi, huingia tena, mpaka imekuwa mlio mmoja. Spika ziwe mbele ya msemaji, zikitazama watu. Yeye awe nyuma yake. Kisha asogeze maikrofoni mdomoni. Umbali ukipungua nusu, nguvu ya sauti ifikayo huongezeka mara nne, na fundi aweza kuipunguza mashine. Wapo wasemaji wanaoikumbatia ile kofia ya wavu kwa kiganja, wakiiga waimbaji. Hao huita filimbi wenyewe. Na vumbi letu jekundu la kiangazi, laini kama unga, huziba sifongo iliyo ndani ya wavu ule, sauti ikawa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Fungueni kofia, mwoshe sifongo kwa maji na sabuni kidogo, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kichwa chenyewe cha maikrofoni kisiguswe maji.

Mkutano uliitwa tena baada ya majuma mawili. Kipokezi kilitolewa nje kikawekwa juu ya meza, mbele ya macho ya watu wote. Maikrofoni ikafungwa katika kisimamizi ili mikono yote miwili ya Bwana Mtendaji ishughulike na daftari. Na maikrofoni ya waya ikalazwa kando yake kama akiba, jambo ambalo twawashauri wote, maana waya hauna safa wala betri. Saa ya ofisi ilikuwa imerudishiwa betri yake nayo ikitembea. Hesabu zilisomwa ukurasa kwa ukurasa, na ilichukua muda wa karibu saa nzima. Yule mzee alikuja mapema akaketi mbele. Alisikiliza hata mwisho, kisha akanyosha mkono akaomba yale ya bomba la maji yasomwe mara ya pili, kwani safari hii ameyasikia vizuri, naye anataka kuyajumlisha mwenyewe.