Göttingen: Mji wa Busu, Baiskeli na Viti Vilivyobaki Wazi

Hebu niambie, siku ukimaliza chuo utaposti picha gani? Joho, kofia, na mama akilia kwa furaha, sivyo? Sasa kuna mji Ujerumani unaoitwa Göttingen. Huko msee akipata shahada ya uzamivu, marafiki humkalisha kwenye mkokoteni uliopambwa na kumvuta hadi katikati ya mji. Anapanda chemchemi moja na kumbusu msichana wa shaba mwenye bata bukini. Msichana huyo anaitwa Gänseliesel na amekuwa hapo tangu 1901. Mwaka 1926 wakuu wa mji walipiga marufuku mambo ya kumbusu. Unadhani makomredi walisikia? Wapi!

Mimi joho sina. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, na kwa muda mrefu nikajiambia kwamba chuo ni majengo na karatasi tu. Nilipoanza kusoma habari za Göttingen, ilibidi nipige hesabu upya.

Chuo Kikuu cha mji huo kilifunguliwa rasmi 1737, na hadi leo kina jina la George wa Pili, aliyekuwa mfalme wa Uingereza na pia mtawala wa Hannover. Hapo ndipo Carl Friedrich Gauss, gwiji wa hisabati, alipofanya kazi hadi kufa kwake. Mwaka 1833 yeye na Wilhelm Weber walipitisha waya juu ya paa za nyumba na kutumiana ujumbe kwa umeme. Hiyo ni meseji, buda, hata kabla babu ya babu yako hajazaliwa.

Mwaka huohuo, mwanafunzi mmoja wa sheria alikuwa akiishi kwenye kinyumba cha mawe kando ya ukuta wa mji, baada ya kufukuzwa katikati ya mji kwa utundu wake. Jina lake Otto von Bismarck. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuitisha Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ule wa kugawana Afrika. Hata Witu, kule Lamu, iliwekwa chini ya Wajerumani kuanzia 1885 hadi 1890. Kwa hivyo usiseme mji huu haukuhusu.

Lakini si wote waliokuwa upande wa wenye nguvu. Mwaka 1837 mfalme wa Hannover aliifuta katiba. Maprofesa 7 wakapinga kwa maandishi, wawili kati yao wakiwa ndugu Grimm, wale wa hadithi za watoto. Wote 7 walipigwa kalamu.

Halafu kuna Emmy Noether. Alifika 1915, akiwa na kichwa kilichowashangaza wenzake wa hisabati. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, kwa miaka kadhaa alifundisha bila mshahara, masomo yake yakitangazwa kwa jina la David Hilbert. Yeye alifundisha tu.

Mwaka 1933 Wanazi waliposhika serikali, Noether, Max Born, Richard Courant na wengine walisimamishwa kazi kwa sababu ya asili yao ya Kiyahudi. Noether alikimbilia Marekani, akafariki huko 1935. Born alienda Uingereza, na 1954 akapata Tuzo ya Nobel. Courant alijenga taasisi nzima ya hisabati New York. Majengo ya Göttingen hayakuhama hata tofali moja. Lakini kituo kilichokuwa moyo wa hisabati duniani kiliporomoka ndani ya miezi michache.

Hapo ndipo niliponyamaza. Kumbe chuo ni watu. Ukiwafukuza, iwe kwa chuki au kwa karo, unabaki na kuta.

Leo Göttingen ni mji wa watu laki moja na ushee, na zaidi ya 20,000 ni wanafunzi. Baiskeli ziko kila kona. Chuo kilifunguliwa tena 1945, vita vilipoisha, na wageni wamerudi kutoka pande zote za dunia.

Na pesa je? Jimbo la Niedersachsen lilifuta karo 2014, kwa hivyo unalipa ada ya muhula tu. Lakini usikimbilie kufunga mabegi. Kwa viza ya masomo, lazima uonyeshe una pesa za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Mlango uko wazi, ila kizingiti ni kirefu.

Mimi bado sijui kama nitarudi darasani. Lakini juzi nilitoa daftari zangu za mwaka wa pili chini ya kitanda, nikazipangusa vumbi. Wewe zako ziko wapi?