MCHANGA NA BUSTANI YA MBOGA

Wakulima wengi wakaao pwani hunena ya kwamba mchanga haufai kwa mboga, maana mtu humwagilia maji asubuhi, na adhuhuri mchicha umekwisha kunyauka. Maneno hayo yana kweli, lakini si kweli yote. Mchanga haukukosa maji. Umekosa kitu cha kuyashika.

Twaa makopo mawili yaliyotobolewa chini. Jaza moja mchanga mtupu, na la pili mchanga uliochanganywa na mbolea ya majani yaliyooza vema. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. Katika la kwanza maji hutoka upesi. Katika la pili hutoka polepole, na mengi hubaki ndani. Tena maji yakimbiayo huchukua na chakula cha mimea, yakakishusha mahali mizizi isipofika.

Basi kitu hicho kila mtu anacho, naye hukiteketeza. Biwi la majani lifagiliwalo uani na kutiwa moto ndilo mbolea ya bustani yako. Majivu yana faida kidogo, lakini kile kishikacho maji kimekwenda na moshi.

Yakupasa kufanya hivi:

1. Lundo la mbolea. Mahali penye kivuli panga majani makavu, juu yake majani mabichi, kisha samadi ya mbuzi au ng'ombe, na udongo kidogo. Endelea hivyo hata lundo lifike kiunoni. Linyunyizie maji, ulifunike kwa makuti, na kuligeuza kila majuma 3. Baada ya miezi 3 hivi mbolea itakuwa nyeusi, wala haitanuka vibaya. Samadi mbichi usiitie penye miche, maana huiunguza.

2. Jaruba. Katika mchanga usiinue tuta, maana hukauka upesi. Chimba jaruba la upana wa hatua 1 na kina cha futi 1 na nusu. Chini panga makumbi ya nazi, tumbo likielekea juu, yapate kunywa maji. Rudisha mchanga pamoja na debe 1 la mbolea kwa kila hatua ya urefu, ukiacha jaruba liwe chini kidogo kuliko ardhi ya kando.

3. Kufunika. Tandaza nyasi kavu katikati ya mimea, zisiguse mashina.

4. Kurudia. Katika joto letu mbolea huisha upesi. Kwa hiyo ongeza kila msimu. Mboga zikiisha, panda kunde au marejea, nayo ikianza kutoa maua uikate na kuifukia.

Ndugu mkulima, kumbuka ya kuwa kila debe la maji lipotealo mchangani limebebwa kichwani toka kisimani, na aliyelibeba ni mkeo au binti yako. Kesho asubuhi, uani ukiisha kufagiliwa, usiwashe moto.